Safari ya Makindu: Nunua Utulivu Kwanza, Sauti Itafuata

Basi la kutoka Mombasa likipunguza mwendo Makindu, wachuuzi hulipokea kabla halijasimama. Wapo wa machungwa, wa maembe wakati wa msimu, wa mayai ya kuchemsha na wa maji baridi. Katikati yao hupita kijana aliyejitundikia mkononi nyaya za rangi zote: chaja, kava za simu na iafoni. Abiria hufungua dirisha, huuliza bei, hupunguziwa kidogo, hutuma pesa kwa simu, na safari huendelea. Mauzo yote humalizika kwa dakika mbili tatu. Hakuna aliyechomeka waya kwenye simu asikilize pande zote mbili, wala aliyeuliza kama maikrofoni inafanya kazi.

Biashara hiyo ya dirishani inastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyoitazama. Kifaa kinachonunuliwa hapo kitakaa ndani ya sikio saa nyingi, wiki baada ya wiki, na sikio halina spea Luthuli Avenue, Nairobi, wala kwingine kokote.

Makindu ni mji uliolelewa na safari. Reli ya zamani ya kwenda Uganda ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa ikaufanya kuwa kituo cha kupumzikia. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 160 na kidogo. Kwenda Mombasa ni zaidi ya 300. Treni ya Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, vituo vya karibu viliwekwa Emali na Kibwezi, kwa hiyo mkazi wa Makindu bado ni mtu wa matatu na basi. Mwanafunzi anayerudi chuoni, mama anayefuatilia soko la maembe yake Nairobi, fundi aliyepata kazi Mombasa, kijana anayecheza mpira kwenye simu hadi betri iishe: wote husafiri wakiwa na kitu masikioni.

Wanachotaka kutoka kwa kifaa hicho ni kazi tatu: muziki, simu na mchezo. Kila moja ina tabia yake na inadai sifa yake. Lakini kabla ya kuzitazama moja moja, lipo jambo moja linalozitawala zote, nalo ni kelele ya safari yenyewe.

Hesabu ya wiki moja

Ndani ya matatu yenye viti 14, madirisha yakiwa wazi, injini ikinguruma chini ya miguu na malori yakipishana nanyi kwa kishindo, kelele inaweza kukaribia desibeli 80 hata kabla dereva hajawasha redio. Abiria akitia iafoni iliyolegea, kelele hiyo yote huingia sikioni pamoja na wimbo. Atafanya nini? Ataongeza sauti hadi wimbo uishinde injini. Hapo amefika desibeli 90 au zaidi bila kujua, kwa sababu sikio lililozungukwa na kelele halitambui kuwa limeongezewa mzigo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kipimo kinachoeleweka kwa urahisi. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, muda salama hushuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Ikifika 100, zinabaki dakika 20 tu. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za mahindi: kila nyongeza ya 3 huzidisha nguvu ya sauti mara mbili, na kila nyongeza hiyo hukata muda salama nusu.

Sasa weka hesabu hiyo barabarani. Makindu hadi Nairobi ni mwendo wa saa tatu hivi, kulingana na malori na msongamano wa kuingia mjini. Anayekwenda na kurudi ndani ya wiki moja, akisikiliza kwa desibeli 90 njia nzima, ametumia saa sita. Posho ya sikio lake ilikuwa saa nne, na bado hajasikiliza chochote nyumbani, kazini wala kanisani.

Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ujumbe wa ubongo. Ni kama nyasi za malishoni: ng'ombe wakipita mara moja huinuka tena, wakikanyaga kila siku hufa. Tofauti yake ni kwamba nyasi huota mvua ikinyesha, na chembe hizo kwa binadamu hazioti tena. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mlio mwembamba unaobaki masikioni baada ya kuvua iafoni. Baadaye mtu huanza kusema watu wananong'ona siku hizi. WHO linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya namna wanavyosikiliza, na hasara hiyo inazuilika kabisa.

Ndiyo sababu swali la kwanza dukani lisiwe "inapiga besi namna gani?" Liwe "inazuia kelele kiasi gani?" Iafoni inayofunga sikio vizuri humwezesha abiria kusikiliza kwa sauti ya chini na kusikia kila kitu. Anayenunua utulivu hupata sauti nzuri juu yake. Anayenunua sauti kubwa hulipia mara mbili.

Mipira midogo na hesabu kubwa

Njia ya kuzuia kelele iliyo rahisi kuliko zote haihitaji betri. Ni ile mipira laini inayovishwa kwenye ncha ya iafoni. Pakiti nzuri huja na mipira ya ukubwa wa aina tatu, na wengi wetu huacha ile iliyokuja imevishwa na kutupa mingine pamoja na boksi. Hapo tunatupa nusu ya thamani tuliyolipia. Masikio hayalingani, hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Mpira uliokaa sawa huonekana mara moja: sauti yako mwenyewe ukizungumza huwa nzito kichwani, kelele ya nje hushuka, na besi hujaa bila kuongezwa. Besi ikikosekana, mara nyingi kosa ni la mpira, kwani sauti nzito huvujia kwenye mwanya.

Iafoni za plastiki ngumu zisizo na mpira, zile zinazoning'inia tu mlangoni mwa sikio, hazifungi kitu. Zinafaa ofisini au nyumbani palipo kimya. Ndani ya basi ndizo zinazomlazimisha mtu kupandisha sauti hadi jirani yake asikie wimbo mzima.

Njia ya pili ni ya umeme, nayo hutangazwa kwa herufi ANC. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, kisha kifaa hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake. Mawimbi hayo mawili yakikutana, hufutana. Wazo lenyewe ni la kale. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani kwa wazo hilo mwaka 1936. Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa MIT na mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kuchora hesabu zake akiwa ndani ya ndege kutoka Ulaya, akikerwa na mngurumo uliokuwa ukimharibia muziki. Hedifoni za marubani za kampuni yake ziliingia sokoni mwaka 1989.

Asili hiyo ya ndege inaeleza uwezo wa ANC na mpaka wake. Hufuta vizuri mngurumo mzito usiobadilika: injini, matairi kwenye lami, upepo wa mwendo. Haifuti vizuri sauti za ghafla au nyembamba, kama mluzi wa makanga, honi au mtoto anayelia. Kwa safari ndefu ya Makindu hadi Mombasa ni msaada wa kweli. Kwa matatu inayosimama kila kituo, mpira mzuri hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Jihadhari na herufi nyingine zinazofanana: ENC. Wauzaji wengi huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja na ANC. ENC husafisha kelele kwenye maikrofoni ili mtu wa upande wa pili akusikie vizuri. Haipunguzi hata chembe ya kelele inayoingia katika sikio lako. Boksi likiandikwa ENC peke yake, usilipe bei ya ANC.

Hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote huziba vizuri, na nyingine huwa na ANC bora zaidi. Lakini Makindu ni nchi ya joto. Mchana wa Februari, ndani ya gari lililojaa, ile mito inayozunguka sikio hulowa jasho mapema. Anayesafiri usiku au ndani ya basi lenye hewa baridi atazifurahia. Wa matatu ya mchana atazivua kabla ya Sultan Hamud.

Muziki: pima kwa wimbo unaoujua

Ukambani, ilipo Makindu, ni nchi ya gitaa. Tangu enzi za marehemu Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, hadi Kalambya Boys na akina Kalambya Sisters waliovuma miaka ya 1980, na hata benga ya Kikamba inayopigwa leo katika magari ya Makueni na Kitui, utamu umo katika namna magitaa yanavyojibizana. Gitaa la solo hupanda juu, la pili hushika mdundo, la besi hutembea chini yao kwa hatua zake mwenyewe, na mwimbaji hupita katikati.

Muziki huo ni kipimo kizuri cha iafoni kuliko maneno yote ya kwenye boksi. Chagua wimbo unaoujua kila kona. Usikilize kwa sauti ya kadiri, kisha ujiulize: magitaa mawili yanatengana, au yamekuwa kitu kimoja? Maneno ya mwimbaji yanasikika bila kukisia? Besi inatembea, au inavuma tu? Iafoni nyingi za bei ya chini huuzwa kwa sifa ya besi kubwa, na besi hiyo huwekwa nene kiasi cha kufunika gitaa la pili na nusu ya maneno. Abiria basi huongeza sauti ili amsikie mwimbaji, na tumerudi kwenye desibeli.

Kuna sifa moja ya waya ambayo wenye bando dogo wasiisahau. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa iafoni kama antena. Chomeka iafoni, fungua redio, na Musyi FM au stesheni nyingine itakufikia bila kutumia hata kilobaiti moja ya intaneti. Iafoni zisizo na waya haziwezi kuifanya kazi hiyo, na simu nyingi hukataa kabisa kuwasha redio bila waya. Kwa mtu anayesafiri kwenye barabara ambayo mtandao huja na kupotea, hilo ni jambo la kupima kabla ya kuacha waya.

Simu: anayeumia ni wa upande wa pili

Iafoni nzuri kwa muziki inaweza kuwa mbaya kabisa kwa simu, na mwenye nayo asijue, kwani yeye husikia vizuri. Anayehangaika ni yule wa upande wa pili anayesema "haloo, haloo, siskii". Ubora wa mazungumzo umo katika maikrofoni na mahali ilipo. Iafoni ya waya ina faida ya zamani: maikrofoni huning'inia karibu na shingo, na ukiishika huinuka hadi karibu na mdomo. Iafoni zisizo na waya zenye kijiti kinachoshuka kuelekea shavuni huisogeza maikrofoni mdomoni kuliko zile za duara zinazojificha sikioni. Upepo wa dirishani ndio adui mkubwa wa zote. Funga dirisha, au uufunike upande wa maikrofoni kwa kiganja, na utasikika.

Wenye iafoni za waya watazame ncha ya plagi. Yenye maikrofoni huwa na mikanda mitatu myeusi au myeupe inayoizunguka. Yenye mikanda miwili ni ya kusikiliza tu. Na kuna mtego mwingine: waya hata wenye mikanda mitatu ulipangwa kwa namna mbili tofauti katika simu za zamani na za sasa, hivyo iafoni iliyotolewa na simu ya kale inaweza kutoa muziki hafifu na kukataa maikrofoni katika simu mpya. Haijaharibika, haijapatana tu na simu.

Kwa madereva wa malori wanaolala Makindu, kifaa cha sikio moja ni cha kawaida. Faida yake ni kuacha sikio la pili kwa ajili ya barabara. Hata hivyo mazungumzo mazito huteka akili hata mikono ikiwa kwenye usukani, na barabara hii haisamehe. Simu ya bei ya mzigo au ya ugomvi wa nyumbani ingoje gari lisimame.

Mchezo: hapa waya bado ni mfalme

Vijana wa Makindu wanaocheza eFootball, PUBG Mobile au Call of Duty safarini wanajua jambo hili hata kama hawajaelezwa sababu yake: ukiwa na iafoni ya Bluetooth, unapiga risasi halafu ndipo mlio unakuja.

Sauti inayopita kwa Bluetooth hubanwa na simu, hurushwa hewani, hufunguliwa na iafoni, kisha huchezwa. Kwa mfumo wa kawaida uitwao SBC, safari hiyo huchukua takriban milisekunde 150 hadi 250. Ukitazama filamu hutaona kasoro, kwa kuwa programu huichelewesha picha kidogo ili ifuatane na sauti. Mchezo hauwezi kufanya hivyo. Haujui kidole chako kitagusa wapi, hivyo hauna picha ya kuchelewesha. Kwa waya, ucheleweshaji huo haupo kabisa kwa sikio la binadamu.

Mchezo wa mpira kwenye simu unaweza kuvumilia kuchelewa. Shangwe za mashabiki zikifika nyuma kidogo, bao ni bao. Michezo ya kuviziana ni kesi nyingine, maana nyayo za adui nyuma ya ukuta ndizo habari zenyewe, na lazima ujue zinatoka kulia au kushoto, sasa hivi. Iafoni nyingi za kisasa zina hali maalumu ya mchezo inayopunguza ucheleweshaji. Iwashe, kwani mara nyingi huja imezimwa.

Tatizo la pili hujitokeza unapotaka kucheza huku ukizungumza na wenzako. Bluetooth ya kawaida ikiwasha maikrofoni huhamia kwenye njia ya simu, na muziki mpana wa pande mbili hugeuka sauti nyembamba ya simu ya mezani. Ndiyo maana mchezo mzima huharibika sauti mara mwenzako anapojiunga. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, umekuja kutibu hilo, lakini lazima simu na iafoni zote mbili ziwe nao.

Hata vifaa maalumu vya michezo vinautambua ufalme wa waya. Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017 ikiwa na tundu la milimita 3.5, na ikaruhusu sauti ya Bluetooth mnamo Septemba 2021 tu, tena bila maikrofoni ya Bluetooth. Steam Deck ya mwaka 2022 nayo ina tundu hilo. Simu kubwa ndizo zilizoliacha, tangu Apple ilipoliondoa katika iPhone 7 mwaka 2016. Kwa bahati nzuri, simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Makindu na mjini Wote bado zinalo. Kama yako haina, nunua iafoni ya waya yenye ncha ya USB-C, ukikumbuka kwamba hutaweza kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja bila kigawanyi.

Vumbi, joto na betri

Matangazo hupenda kusema iafoni ni IPX4, nasi huridhika kuwa haiogopi maji. Hiyo 4 ni kinga ya matone na jasho. Herufi X iliyokaa mbele yake inamaanisha kuwa kinga ya vumbi haikupimwa. Kwa msafiri wa Makueni, kaunti ilimo Makindu, ambako vumbi jekundu huingia hata kwenye sanduku lililofungwa, tarakimu ya kwanza, ile ya vumbi, ina uzito zaidi kuliko ya pili. Tafuta IP54 au IP55. 5 ya mwanzo ni ya vumbi.

Wavu mdogo ulio mdomoni mwa iafoni hukusanya vumbi na nta ya sikio hadi upande mmoja uonekane umekufa. Kabla ya kumpelekea fundi, usugue taratibu kwa mswaki mkavu huku umeuelekeza chini. Mipira ioshwe kwa sabuni na ikaushwe. Na tuache ukarimu wa kuazimana iafoni sikio kwa sikio, kwani vijidudu vya masikio navyo husafiri.

Betri za lithiamu huchoshwa na joto kali, hivyo kikasha kisiachwe juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani. Tena soma vizuri saa zinazotajwa. Boksi likisema saa 30, kwa kawaida ni jumla ya iafoni na kikasha chake. Iafoni zenyewe huenda zikadumu saa nne hadi sita. Hiyo ni karibu sawa na safari ya Makindu hadi Mombasa, na ANC ikiwashwa hupungua zaidi.

Dukani na dirishani

Iafoni za Apple zinazouzwa dirishani kwa bei ya chakula cha mchana si za Apple. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu mwaka 2008 na mamlaka ya kuisimamia, na bidhaa zinazoingizwa nchini hutakiwa kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la nchi. Lakini kinga ya haraka kuliko zote ni kununua mahali unapoweza kurudi. Duka la simu mjini lenye risiti na waranti ni bora kuliko punguzo la shilingi hamsini kutoka kwa mtu ambaye basi litamwacha nyuma.

Kabla ya kulipa, vaa. Sikiliza kulia, kisha kushoto. Piga simu kwa mtu, umuulize anakusikiaje. Uvute waya kidogo karibu na plagi, mahali unapokatika mara nyingi, usikie kama sauti inakatakata. Kama ni ya kuchezea, fungua mchezo wako. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia dakika tano.

Kuhusu bei, mwenye shilingi mia tatu hadi mia tano anunue ya waya yenye mipira na maikrofoni, kutoka kwa jina linalojulikana. Itamtosheleza kwa muziki, simu, mchezo na redio, na haitaki chaji. Mwenye kati ya elfu moja na elfu tatu anaweza kupata iafoni zisizo na waya za majina kama Oraimo au Redmi, na aulize IP, hali ya mchezo na waranti. ANC ya kiwango cha juu cha Sony au Bose hugharimu makumi ya maelfu. Humfaa anayesafiri kila wiki, na hata huyo aweke waya wa akiba mfukoni.

Masikio ya kuwa wazi

Utulivu tunaonunua una mipaka yake. Anayevuka barabara kuu Makindu huku masikio yameziba amejinyima onyo la pekee ambalo lori linaweza kumpa. Juu ya bodaboda, vua kabisa. Ukikaribia unakoshuka, acha sikio moja wazi, la sivyo makanga ataita Makindu mara tatu nawe utazindukia Kibwezi.

Kuna pia adabu. Sony ilipotoa Walkman ya kwanza Julai 1979, iliiwekea matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili wanaosikiliza waweze kuzungumza. Watengenezaji wenyewe walikiri kuwa mtu hasafiri peke yake. Mzee akikaa kando yako, vua, msalimu, mjulie hali, kisha urudi kwenye wimbo wako. Na abiria wakiteremka katika Gurdwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 ambako kila mpita njia hulishwa bila malipo, viatu huvuliwa na kichwa hufunikwa. Iafoni nazo zivuliwe. Ni heshima kwa wenyeji, na ni mapumziko ambayo wataalamu wa masikio huwashauri watu wayachukue kila baada ya muda wa kusikiliza.

Ushauri wa WHO ni kutozidi asilimia 60 ya sauti ya simu. Simu nyingi zinaweza kuwekewa kikomo hicho katika mipangilio. Mzazi anayempa mwanawe simu ili atulie safarini auweke ukomo huo kabla ya kumkabidhi, kwani kipimo cha mtoto ni desibeli 75, chini ya chetu. Mtoto wa miaka minane atahitaji masikio yake kwa miaka sitini au zaidi ijayo: ya shuleni, ya kazini, ya kusikia jina lake likiitwa. Iafoni tutanunua nyingine. Kama tutafanya jambo moja tu kabla ya safari ijayo, na tuchague ile inayozuia kelele vizuri kuliko zote tunazoweza kulipia, tuvishe mpira unaotoshea, kisha tushushe sauti.